Mjukuu wa Dukani

Mama alikuwa na hadithi moja tu ya siasa, nayo ilikuwa ya jikoni. Ni mwaka 1958, yeye ana miaka saba, wanaishi Lusu, huko Nzega, nyuma ya duka la baba yake. Babu alikuwa Mmanga. Alitoka Oman kijana, akajikuta Unyamwezini anauza chumvi, mafuta ya taa, kaniki na sukari ya kupima. Bibi alikuwa Mnyamwezi wa palepale. Jioni moja babu akarudi kutoka Nzega mjini na habari: uchaguzi unakuja, na mpiga kura hatachagua mtu mmoja, atachagua watatu. Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akiruka mmoja, kura yake imeharibika.

Bibi alikuwa anasonga ugali. Akayatazama mafiga yake, akauliza, "Figa hutafutwa kwa kuangalia chungu. Hilo la Ulaya limetafutiwa chungu gani?"

Basi. Hadithi inaishia hapo, na mama akifika hapo alikuwa akicheka mpaka machozi. Alifariki mwaka juzi bila kunipeleka Lusu hata siku moja, na mimi kwa miaka arobaini na kitu nilikuwa sijavuka Dodoma. Mwaka jana, mwezi wa nane, nikapata likizo, nikaamua kwenda kumsalimia Bibi Mdogo, mdogo wake bibi, ambaye ndiye mtu wa mwisho wa umri ule aliyebaki.

Nilipanda treni ya zamani kutoka Dar, ya reli nyembamba, daraja la pili kulala. Chumba cha wanawake, vitanda sita, tulikuwa watano pamoja na mtoto na ndoo mbili za dagaa. Hatujafika hata Ruvu mama mmoja wa Urambo akaniuliza swali ambalo nimeulizwa maisha yangu yote.

"Dada, wewe Mwarabu?"

"Mzaramo," nikasema, kwa maana baba yangu ni Mzaramo.

Chumba kizima kikalipuka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo ulizaliwa njiani, enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kukaa pwani miezi wakingoja mzigo wa kurudi nao. Kuanzia pale sikuwa Mwarabu tena. Nilikuwa mtani, maana yake mtu wa kunyang'anywa chapati yake na kuambiwa kwamba akifa watakuja kumzika kwa kelele. Sijawahi kuona uraia unaotolewa haraka kiasi hicho.

Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Reli ya Wajerumani ilifika hapo 1912. Sisi tulitumia usiku mmoja, mchana mmoja na kipande cha usiku wa pili, tukisimama Kilosa bila kuambiwa kwa nini na Itigi kwa sababu kila mtu alitaka kununua kuku. Tulishuka Tabora kabla ya alfajiri. Baridi ya Agosti ya kule ina meno. Kinamama walikuwa wamekaa chini ukutani na chupa za asali, kila chupa na rangi yake, nyingine nyeusi kama mafuta ya injini, na muuzaji anakuambia ipi ni ya nyuki wadogo bila wewe kuuliza.

Nilikuwa nimepanga kulala Tabora siku moja tu. Nikakaa tatu, na kosa ni la kahawa.

Upande wa Ng'ambo kuna baraza moja ambapo wazee hukutana baada ya alasiri. Kuna dele la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo ndani ya bakuli la maji, kashata kwenye sinia, na bao ambalo mashimo yake yamelainika kama ndani ya kijiko. Mtu mmoja wa nyumba ya wageni aliniambia kwamba kama nataka habari za zamani niende pale na nisiulize haraka. Nikaenda, nikatoa shikamoo, nikaitwa binti, nikapewa kigoda. Nikanywa vikombe vitatu. Kisha nikauliza kuhusu kura tatu.

Ilikuwa kama kutupa jiwe kwenye mzinga.

Kwa msomaji ambaye hana mama wa kumsimulia, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Gavana Edward Twining aliamini kwamba Tanganyika ni nchi ya jamii tatu na kwamba haki ni jamii hizo kukaa sawa mezani. Mwaka 1955 akapanga viti vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Kwa macho ni usawa mtupu. Ila sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000. Kisha ukaja uchaguzi wa kwanza, na sharti la kila mpiga kura kuchagua mmoja wa kila rangi, na sharti jingine la kipato, elimu au cheo lililowaacha Waafrika wengi nje ya daftari. Januari 1958 chama cha TANU kikafanya mkutano wake mkuu hapa Tabora kuamua jambo moja: tuingie au tususe?

Wazee wawili ndio waliolishika suala. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Wa pili alifanya kazi reli miaka thelathini na bado ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Nchi hii iliokolewa hapa," mwalimu alisema. "Siyo Dar es Salaam. Hapa."

"Iliokolewa kwa kukubali kupimwa kwa rangi?" mzee wa reli akajibu. "Mtu amekuletea sahani tatu. Ameweka nyama sawa kwa sawa, sahani moja ya watu milioni nane, nyingine ya watu elfu ishirini. Ukikaa ukala, umeshakubali kipimo. Zuberi Mtemvu aliliona hilo. Akatoka."

Kweli alitoka. Mtemvu alikuwa miongoni mwa viongozi wa TANU, na baada ya uamuzi wa Tabora alijitenga akaunda chama chake, African National Congress, kilichosema wazi kwamba Afrika ni ya Waafrika. Mwalimu alitikisa kichwa pole pole kama anayemsikiliza mwanafunzi wa miaka mingi.

"Ukisusa, wenzio wala. Wangekula nani? UTP." Chama hicho, United Tanganyika Party, kilianzishwa 1956 kwa baraka za Gavana na kilihubiri jamii mchanganyiko. "Sisi nje tunapiga ngoma, wao ndani wanapitisha sheria, na dunia inaambiwa Waafrika wameshirikishwa."

Wazee wa Tabora husimulia kwamba siku ile Nyerere, kiongozi wa TANU, aliwapa wajumbe mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, na mbele yake kuna tope, na anakokwenda ni ng'ambo ya tope. Mwalimu mstaafu aliusimulia mfano huo kwa mikono, akipandisha kanzu yake mwenyewe hadi magotini, kijana wa kahawa akacheka. Uamuzi wa kuingia uchaguzini ukapita. Mpaka leo vitabu vyetu vinauita Uamuzi wa Busara.

Shuleni tulifundishwa neno hilo, busara, kana kwamba lilikuwa jambo la upole, wazee wametulia, wamesamehe. Pale barazani ndipo nilipoelewa kwamba lilikuwa jambo la hesabu kali. Kama kila mpiga kura analazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, basi Mzungu na Mwasia nao wanalazimika kuzitafuta kura za Waafrika. TANU haikuwa na mwanachama asiye Mwafrika, milango hiyo haikufunguliwa hadi 1963, lakini hakuna sheria iliyoizuia kusema "huyu wetu". Ikasema. Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu kutoka upande wa Kilimanjaro. Amir Jamal na Sophia Mustafa, Waasia. Marion Chesham, Mzungu mwingine. Uchaguzi ukafanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na walioungwa mkono na TANU wakafagia. UTP ikafa. Kipimo kilichotengenezwa ili kuwapunguza Waafrika kiligeuka mikononi mwa fundi wake.

"Sawa," mzee wa reli alisema nilipotoa hoja hiyo. "Mmekigeuza. Lakini kipimo kilibaki. Mwaka 1960 viti vilikuwa vingapi?"

Mwalimu alijibu kama anayesoma ubaoni: viti 71. Hamsini vya wote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu.

"Umeona?"

Hapo mwalimu alinyamaza, akachukua kashata. Nami niliona kwamba mzee wa reli hakuwa mtu wa chuki, kama nilivyokuwa nimeanza kumdhania. Alikuwa na swali halisi: je, unaweza kuingia katika mchezo wa rangi ili kuumaliza, na ukatoka bila rangi kukushika? Mimi naona walitoka, lakini si mara moja, na kanzu haikuwa safi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika. Nyerere aliwaambia kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kama Bunge litaukataa msingi wa uraia usiojali rangi. Sheria ikapita: aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa ni raia. Kwa sheria hiyo mama yangu alikuwa raia bila kufanya lolote, na babu ilibidi aombe. Katika nyumba moja, nyuma ya duka moja, mmoja amezaliwa nao na mwingine anaupigia foleni. Bibi, nimeambiwa, alimtania mumewe mwaka mzima.

Na kuna Januari 1964. Hilo mzee wa reli alilisimulia mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo, kijana wa miaka kumi na sita.

Mapema mwezi ule Nyerere alikuwa ametoa waraka wa kusitisha upendeleo kwa Waafrika katika utumishi. Raia ni raia, basi, rangi yoyote. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi. Tarehe 21 wakaasi wa kikosi cha Tabora. Walitaka mshahara, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke.

"Sisi tulifungiwa ndani," alisema. "Mama alinilaza chini ya kitanda, miguu ikabaki nje. Wale vijana walikuwa hawataki kuambiwa habari za raia. Wao walitaka kumwona mtu anayefanana nao ana nyota begani. Uhuru una miaka miwili, unapiga saluti kwa yuleyule."

"Na waliletewa nani?" mwalimu aliuliza. "Wazungu wengine! Kwa meli ya vita, tarehe 25!"

Baraza lote lilicheka, mzee wa reli naye akacheka, akapiga kete yake. Alikuwa ameshinda bao lile bila mtu kuona.

Nadhani pale ndipo nilipomwelewa. Haki ya kwenye karatasi inaweza kuwa imenyooka na bado mtu akasimama gwarideni, akatazama mabega yaliyo mbele yake, akaona hakuna kilichobadilika. Anayemwambia mtu huyo "karatasi haina rangi" anasema kweli, ila hajamjibu. Na bado, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, katika uchaguzi wa 1965, ambamo kampeni za rangi, kabila na dini zilipigwa marufuku, Amir Jamal aligombea Morogoro na wapiga kura Waafrika wakampa ushindi mnono. Mtemvu mwenyewe, aliyepata kura kama 21,000 tu dhidi ya zaidi ya milioni moja za Nyerere katika uchaguzi wa rais wa 1962, alikuwa amesharudi TANU. Kila mmoja barazani alitumia hayo kuthibitisha alichokuwa anaamini tangu mwanzo.

Siku ya tatu nilizunguka mjini. Mtaa wa maduka una majumba ya ghorofa moja ya Kihindi, roshani za mbao, mwaka wa ujenzi umechongwa juu kabisa kwa saruji na jina la mtu ambaye familia yake haipo tena. Mengi ya namna hii, nchi nzima, yalitwaliwa 1971, ilipotungwa sheria ya majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria ile haikutaja rangi. Wenye majumba ya bei hiyo walikuwa wa rangi moja karibu wote, na wengi wao walihama nchi. Niliingia duka la vipuri kununua betri ya tochi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyevaa sweta, alikuwa anabishana bei na mkulima wa tumbaku kwa Kinyamwezi cha ndani sana. Mimi, mjukuu wa Mnyamwezi, nilishika neno moja katika kumi. Alipogeuka kwangu alinitazama nywele na pua, akanisalimia kwa Kiarabu.

Basi la Nzega linakwenda kaskazini kupita Isikizya na Puge. Mashamba yalikuwa yamevunwa, majaruba ya mpunga yamekauka na kupasuka kama kisigino, ng'ombe wanakula mabua. Kondakta aliponiita "mama wa Kihindi" abiria mmoja alimsahihisha: "Huyo Mpemba." Niliacha. Kwa saa moja na nusu nilikuwa Mpemba, na nikapewa kiti cha dirishani.

Stendi ya Nzega waendesha bodaboda walinivamia. Nauli niliyotajiwa ya kwenda Lusu ilikuwa karibu mara mbili ya niliyoambiwa na ndugu kwa simu. Nikamwambia kijana, "Mimi mtani wako, Mzaramo, utaniibia?" Akanikagua juu hadi chini. "Mzaramo mweupe hivi? Haya, panda, tutagawana hasara." Akapunguza nusu ya ile ziada. Niliona ni haki.

Lusu watu wengi wanaijua kwa sababu ya dhahabu. Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa nchini baada ya kufunguliwa milango ya uwekezaji, ulianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukafungwa muongo uliopita, na katika maisha yake ulitoa zaidi ya wakia milioni 2. Kijana wa pikipiki alinionyesha kwa kidevu vilima ambavyo si vilima, ni mawe yaliyotolewa chini na kupangwa, juu yameota nyasi. Hakusimama. Mimi pia sikumwomba asimame. Nilikuwa natafuta duka.

Lilikuwepo. Kuta za matofali mabichi zimepakwa upya, paa la bati, kibaraza kilekile cha mawe ambacho mama alikuwa akisema kwamba ukikaa unawaona wote waendao Nzega. Babu alilifunga 1976, mwaka wa Operesheni Maduka, akahamia Dar na familia. Mlangoni sasa kulikuwa na kibao cha mkono: TUNACHAJI SIMU, VOCHA, SOLA. Ndani kijana wa miaka ishirini na kitu, kofia ya buluu, alikuwa anaunganisha nyaya kwa meno.

"Mwangaluka," nikasema, neno langu moja.

"Mwangaluka," akajibu, kisha kwa Kiswahili, "Bibi Mdogo yuko kwenye kikao. Alisema utakuja leo. Nifuate."

Kikao kilikuwa chini ya mkwaju. Mkandarasi mmoja alikuwa anatafuta watu kumi na wawili wa kuchimba mtaro wa bomba, na wenyeviti wa vitongoji walikuwa wanaandika majina. Bibi Mdogo, miaka themanini na saba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, ingawa sidhani kama alikuwa na nia ya kuchimba. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Mke mwenzangu," alisema kwa sauti, "umechelewa, mume tumeshamzika." Watu wakacheka, mimi nikalia, na kikao kikaendelea.

Hoja ilikuwa moja: nani mwenyeji. Majina yaliyopendekezwa yalikuwa karibu thelathini. Mtu mmoja mwenye daftari, anayeonekana msomi, akaeleza kwamba kanuni za kazi za migodi, za 2018, zinasema Mtanzania apewe nafasi kwanza, na huo ni utaratibu mzuri wa kuufuata hata hapa. Mwenzake akamkata: "Mtanzania ni mkubwa mno. Sisi hapa wote Watanzania. Tunataka mtu wa Lusu."

Dar tuliwahi kuwa na mjadala kama huo, wa sauti kubwa zaidi. Ubinafsishaji uliposhika kasi, Iddi Simba, akiwa waziri wa viwanda na biashara, alilivalia njuga neno uzawa: mali zinazouzwa wapewe wazawa. Wengine wakauliza, mzawa ni nani, Mhindi wa kizazi cha nne amezaliwa wapi? Neno likatisha watu. Mwaka 2004 sheria ilipotungwa ikaitwa ya uwezeshaji wananchi kiuchumi. Mwananchi, siyo mzawa. Nilikuwa kijana, nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Chini ya ule mkwaju neno lilikuwa limerudi, limevaa kandambili, na safari hii hakukuwa na Mhindi, Mwarabu wala Mzungu wa kulifanyia kazi. Walikuwa watu wa rangi moja, lugha mbili zinazosikilizana, wanaoana.

Likasomwa jina la kijana wa duka.

"Huyo wa kuja," mtu akasema nyuma. "Watu wake wa Kahama."

Kijana alisimama, akavua kofia. "Mimi nililetwa hapa mgongoni, mwaka 1999. Sijui kwingine. Kadi ya kliniki ya Nzega, shule ya hapa, ya kupigia kura ya hapa."

"Baba yako alikuja kutafuta dhahabu."

"Nani hakuja kutafuta kitu?"

Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja, nadhani alitaka kupoza mambo, akaninyooshea fimbo. "Na huyu mgeni wetu, Mwarabu, naye tumwandike?"

Bibi Mdogo hakugeuka hata kichwa. "Huyo si mgeni. Huyo mjukuu wa dukani."

"Aaa! Basi mwenyeji! Aandikwe, apewe sururu!"

Tulicheka sote, nami nilicheka, kwa raha ambayo sikuitarajia. Tangu Dar nilikuwa Mwarabu, Mhindi na Mpemba, na hapa kwa neno moja nimewekwa mahali. Nilipoangalia upande wa kijana, alikuwa ameshavaa kofia yake. Nilikuwa Lusu kwa dakika arobaini. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa duka lile asubuhi, na jana, na juzi. Nikatamani kusema kitu, nikakosa cheo cha kusemea: ugeni ungeninyima haki ya kusema, na uenyeji nilikuwa nimepewa kwa gharama yake. Jina lake likaandikwa la kumi na tatu, akiba, iwapo mmoja ataumwa.

Jioni Bibi Mdogo alipika matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama vipande vya ganda la mti, halafu vinarudishwa kwenye maji na karanga zilizotwangwa. Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa, moshi ukinichagua mimi. Mafiga mawili yalikuwa meusi, ya zamani, yamezama chini kama meno. La tatu lilikuwa jeupe, la mwamba unaometameta likipigwa na moto.

Nikamwuliza lilikotoka.

"La zamani lilipasuka kwenye mvua za mwaka juzi," alisema. "Hili kalileta yule mtoto wa dukani, kwa pikipiki, kutoka kule kwenye mawe ya mgodi. Nilimwambia ni fupi. Akasema, Bibi, tutaliwekea kigae."

Kigae kilikuwepo, kipande cha mtungi, kimewekwa chini ya lile jeupe. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kuhusu ile jioni ya 1958 na maneno ya dada yake. Alifikiri.

"Hayo aliyasema mama yako? Dada hakusema hivyo. Dada alisema, kama watatu ni lazima, basi mmoja awe anajua kupika." Akacheka peke yake. Nje tulisikia kijana anashusha shata la bati na kuwasalimia wapitao, kila mmoja kwa jina. Baadaye alipita uani na kuni mkononi, akaziweka mlangoni, akasema usiku mwema.

"Hukai ule?" Bibi Mdogo alimwuliza.

"Nakuja, Bibi. Nafunga betri."

Maji yakaanza kuchemka. Bibi Mdogo akanirushia tambara, akaniambia nishike sufuria upande wa jiwe jeupe wakati anakoroga, maana pale bado panalala.